Nilivyofuata Springi ya Kisu Mpaka Ziwani

Shemeji yangu Bonfasi alichukua kisu changu bila kuniuliza, akafungulia kopo la rangi. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu yote. Ameniruhusu nimtaje jina, na hata asingeniruhusu ningemtaja.

Kisu chenyewe ni cha kukunja, cha kubebeshea miche. Kwa wasioijua kazi yetu, kubebesha ni kukata kikonyo cha mti unaoupenda na kukiunganisha na mche mwingine mpaka viwe mti mmoja. Mimi Skolastika, Mama Oswin, hiyo ndiyo kazi inayonijulisha kwenye vilima vyetu vya Umatengo. Sijisifu, waulizeni wenye miche yao. Haya, najisifu kidogo.

Mgongoni mwa kisu cha kukunja kuna kipande cha chuma, springi. Ndicho kinachoukaza ubapa ukishafunguliwa, na ndicho kinachoubana ukishafungwa. Bonfasi alipokaza mkono kwenye lile kopo, springi ikakatika katikati. Akakirudisha kisu mezani kimyakimya kama mtu aliyerudisha kijiko. Mimi nikakichukua, nikaanza kazi, ubapa ukanikunjikia kidoleni. Maneno niliyomwambia Bonfasi siku ile hayaandikiki.

Ningeweza kusubiri, lakini mti haukuwa na muda. Mti ninaousema ni mkahawa wa mama yangu, uliosimama ukingoni mwa barabara, chini ya nyumba yetu. Miaka ambayo ugonjwa wa chulebuni ulimaliza kahawa za watu, matunda yakawa meusi na kudondoka, ule ulizaa kama kawaida. Majirani walipiga dawa, mama hakupiga kitu. Sasa barabara inapanuliwa. Wapimaji walikuja, wakauchora mti alama nyekundu ya X, wakasema Jumatatu katapila linafika. Mama hakubishana nao. Jioni akaniambia, "Kukatwa ukatwe, barabara ni ya wote. Ila mti wenyewe usipotee, Skola. Ukipotea huo, mimi sijafanya kitu duniani."

Mtaniuliza kwa nini nisipande mbegu. Mbegu yaweza kumfuata mama, yaweza kumfuata jirani. Kikonyo hakidanganyi, mti unaoupata ni uleule. Na wembe je? Nilijaribu. Mti ule ni mzee, matawi yake magumu, wembe unapinda na jeraha linatoka halijanyooka. Vikonyo visipolaliana sawasawa hewa inaingia, kwisha habari. Nilihitaji kisu changu, na nilikihitaji kabla ya Jumatatu.

Jumanne asubuhi niliondoka. Mama alinifungia kwenye kitambaa kahawa kidogo ya maganda, ya mavuno ya mwisho ya mti ule. "Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu," akasema. Sikujua naenda kwa nani, lakini nilipokea.

Mbinga mjini nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi, moja baada ya jingine, nikiwa nimeshika kisu changu kwenye leso kama mgonjwa. Kijana wa duka la mwisho alikigeuza mara mbili, akanirudishia.

"Mama, kisu hakina spea. Kinanunuliwa kingine."

"Baiskeli ina spea?"

"Ina."

"Pikipiki?"

"Ina, mama."

"Basi kisu kimekosa nini?"

Akacheka, akanitolea kisu kipya kinachong'aa. Nikakifungua, nikautikisa ubapa kwa kidole gumba. Ulicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia hicho kinafaa kumenyea machungwa. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua misumari alisikia, akaniambia nisipoteze muda na wachuuzi, springi nzuri ni ya lori, na malori ya makaa ya mawe yako Ngaka. Nikaona amesema kweli. Kwetu ukisema chuma, kila mtu anafikiria springi ya lori, kwa sababu majembe yetu na mapanga yetu yanatoka hukohuko.

Mchana nilipata nafasi kwenye lori tupu lililokuwa likirudi kupakia makaa. Dereva alikuwa mtu wa Singida, mpole, aliyeniita shangazi kuanzia mlango wa gari. Vumbi la njia ile ni jeusi, na nilipojifuta uso leso ikawa kama kitambaa cha kusafishia jiko. Alinishusha kwenye kibanda cha mhunzi mmoja kando ya njia, akaniambia, "Shangazi, huyu ndiye anayetutengenezea kila kitu kinachokatika."

Mhunzi aliitwa Fundi Mapunda, mtu wa kifua kipana na sauti ya kanisani. Alikitazama kisu akasema kazi hiyo ni ndogo sana. Nikapenda mtu anayejiamini, maana mimi mwenyewe ni wa aina hiyo. Akakata kipande cha springi ya lori, akakitia motoni, akakigonga mpaka kikawa chembamba, akakisugua kwa tupa, akatoboa tundu. Mwishoni akakipasha tena na kukitumbukiza kwenye maji, kikalia *chwaa*. Akakifunga mahali pake.

Nikafungua. *Ta!* Ubapa ukakaa imara. Nikapiga kigelegele palepale kando ya njia, watu wa malori wakageuka. Nikafunga. *Ta!* Nikafungua tena, nikasikia *kwa*, na springi ilikuwa vipande viwili.

Fundi Mapunda akakiokota kipande kilichoanguka, akakitazama kana kwamba kimemtukana mama yake.

"Nimekikomaza kupita kiasi," akasema. "Unajua, mama, mimi ni mtu wa makali. Panga likiwa gumu ndiyo sifa yake. Maisha yangu yote sijatengeneza chuma cha kupinda."

"Kijaribu tena, kiwe laini."

"Kikiwa laini kitapinda na hakitarudi. Nikikudanganya utarudi kunitukana." Akajifuta mikono. "Nenda ziwani. Wapasua mbao wa kule walikuwa na misumeno mirefu, ya watu wawili, huyu juu, huyu chini. Ule msumeno unaupinda mpaka ncha zinakaribiana, unauachia, unanyooka. Chuma chako ni kile. Na mtu asikitie moto! Akikipasha tu, kimekwisha."

Hakunidai kitu. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana ni wachache wanaokubali mbele ya mteja kwamba jambo hawaliwezi. Nililala kwa dada yangu mdogo aliyeolewa Litumbandyosi, na kesho yake nikarudi Mbinga kutafuta gari la kushuka.

Njia ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ni ya kushuka na kukunja, kushuka na kukunja. Kwetu ukiangalia chini unaona mashimo ya ngoro yamejipanga kwenye mteremko, mahindi na maharage yamesimama kwenye matuta yanayoyazunguka, na unajua kuna watu wamefanya kazi. Abiria mmoja, mwalimu aliyehamia kutoka mkoa mwingine, alisema hajaona watu wanaolima ukutani kama sisi. Nikamwambia ukuta wetu unawalisha hata wa tambarare. Kisha gari likapinda kona moja na ziwa likatokea lote kwa mara moja, bluu mpaka kwenye milima ya ng'ambo. Mtu wa vilimani akiliona ziwa Nyasa hawezi kuendelea kujisifu kwa dakika kadhaa.

Alhamisi asubuhi, pale Mbamba Bay, niliuliza wapasua mbao. Watu walicheka, wakasema siku hizi mbao zinapasuliwa kwa chensoo, misumeno ya mkono imekwisha. Mwuza dagaa mmoja, wale wanaoitwa usipa, akaniambia kuna mama mjane kijiji kimoja njia ya Liuli, mumewe alipasua mbao za mitumbwi, na msumeno bado upo, kwa sababu huyo mama hatoi kitu. Nikapanda pikipiki.

Nilimkuta Mama Damari akigeuza usipa kwenye kichanja cha kukaushia, nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka majini. Ni mwanamke mrefu, mabega kama ya mwanaume, kitambaa cheupe cha akina mama wa Kianglikana kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka juu."

"Umejuaje?"

"Ninyi Wamatengo mkifika tambarare mnatembea kama watu waliopoteza kitu. Mnatafuta mlima." Akacheka mwenyewe, akanivutia kigoda. "Kaa. Utakula kwanza, shida yako haitakimbia."

Tulikula ugali wa muhogo na usipa. Nilikula kwa tahadhari, akaniuliza kama naogopa samaki asije akanirudishia macho. Nikamwambia kwetu chakula hakikutazami. Tukacheka wote wawili, nikaona niseme shida yangu wakati bado tunacheka. Nikamweleza kisu, Bonfasi, Ngaka, na msumeno.

Kicheko kikakatika. Akaingia ndani, akatoka na kitu kirefu kilichofungwa gunia lililopakwa mafuta. Akakilaza kwenye mkeka, akakifungua. Msumeno ulikuwa mrefu kuliko mimi, meno yake makubwa, bila kutu hata punje.

"Unaona mitumbwi ile ya mbao pale mchangani?" akaniuliza. "Na ile iliyooza kule? Mbao zake zote zilipita hapa. Mwenzake mume wangu alipohamia mjini, hakupatikana mwanaume wa kushika chini. Nikashika mimi. Yeye juu ya gogo, mimi shimoni, vumbi la mbao linaniingia machoni, mtoto amelala kivulini. Watu walinicheka mpaka wakachoka. Sasa wewe unataka nikukatie huu kwa ajili ya kisu cha kukunja?"

"Si kisu, mama. Ni mti."

Hapo nikajimwaga. Nikamweleza mkahawa wa mama yangu, chulebuni ilivyoushindwa, ulivyotusomesha sote sita. Nikasema kahawa ya Mbinga inanywewa na watu wa mbali huko duniani, na ile ya mti wetu ni bora kuliko zote. Nilisema vizuri, nakumbuka. Nilisimama kabisa.

Mama Damari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ina ladha gani?"

Jamani. Kwetu kahawa hainywewi. Inachumwa, inamenywa, inaoshwa, inaanikwa, inapelekwa chamani, kwenye ushirika, na jioni tunakunywa chai. Mama yangu hivyo, bibi yangu hivyo, mimi hivyo. Katika umri wangu wote wa kuisifu kahawa ile sikuwahi kuiweka mdomoni.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijawahi kuinywa."

"Wee! Mwanangu! Mimi samaki nisiyemla simsifii mtu!" Alicheka mpaka akashika nguzo ya kichanja, akamwita jirani yake aje asikie. Nilitamani ziwa linimeze. Halafu hasira zikanipanda, na mimi hasira zangu huwa zinanisaidia. Nikafungua kile kitambaa cha mama.

"Hii hapa," nikasema. "Leta kinu."

Tulitwanga maganda yakatoka, tukapepeta. Tulikaanga kwenye kikaango chake cha samaki, alichokisugua kwa majivu mara mbili kwa ombi langu. Hakuna kati yetu aliyejua punje zinaiva lini. Mimi nilisema tayari, yeye akasema bado, na harufu ikabadilika ghafla, ikawa nzito na tamu, jirani aliyekuja kunicheka akakaa chini bila kuambiwa. Tukatwanga tena, tukachemsha, tukaacha machicha yatulie, tukamimina.

Nilikunywa wa kwanza. Nilitegemea uchungu, na uchungu ulikuwepo, lakini ulipita haraka na nyuma yake kukaja kitu kama utamu wa tunda, kikakaa ulimini, hakikuondoka. Nilijivunia, nasema wazi. Nilijivunia mpaka machozi yakanitoka, na nikasikitika kwamba mama hayupo.

Mama Damari alikunywa polepole akiangalia maji. Alipomaliza akapindua kikombe, akakagua machicha.

"Hukudanganya," akasema. "Ulikuwa hujui tu kwamba hukudanganya." Kisha akaushika msumeno, akaugeuza kwenye mkeka. "Huku ndiko juu, alikoshika marehemu. Huku usiguse. Kule ndiko chini, nilikoshika mimi. Kata upande wangu."

Nikapiga goti nikamshika mikono, naye akanivuta niinuke, akasema niache kumchafulia kanga kwa machozi ya kahawa.

Ijumaa tulimwita Fundi Lazaro, mkwe wake, anayetengeneza mashine za boti. Alichora umbo la springi ya zamani kwenye chuma kwa msumari, akakata kwa greinda, na mimi nikasimama juu yake na kopo la maji nikimwagia kila alipogusa, maana maneno ya Fundi Mapunda yalikuwa masikioni mwangu.

"Mama, utaniua kwa umeme," akalalamika.

"Afadhali wewe ulowe kuliko hicho chuma kipate moto!"

Mama Damari aliongeza kwamba mkwe anapatikana mwingine, msumeno haupatikani. Basi fundi akaweka greinda chini, na sehemu yote iliyobaki akaimaliza kwa tupa, taratibu, saa baada ya saa, akilinganisha, akipunguza, akilinganisha. Pini ya kuishikilia aliitengeneza kwa msumari. Jua lilikuwa limeelemea ng'ambo alipokigonga kwa mara ya mwisho na kunipa.

Nikafungua. *Ta!* Nikafunga. *Ta!* Nikafungua na kufunga mpaka majirani wakaanza kuhesabu kwa sauti na kupiga makofi. Hakikukatika. Mama Damari akakichukua, akakifungua mwenyewe, akausikiliza ule mlio kichwa kimeinama. "Bado una nguvu," akasema, na sikumwuliza kama anausema msumeno au nani.

Jumamosi alfajiri nilipanda. Njia ileile ya kukunja, sasa kwa kupanda, na baridi ya kwetu ikaanza kunigusa mikono kabla hatujafika Mbinga. Mchana nilikuwa nyumbani. Bonfasi alikuwa ameniandalia mifuko ya udongo na miche yote imepangwa kivulini, hakuna aliyemtuma. Nilimsamehe nusu. Nusu nyingine namwekea.

Jioni ile na Jumapili baada ya misa nilikata vikonyo vya mti wa mama na kubebesha. Kisu kilikata tambarare, ngozi kwa ngozi, na kila jeraha lililalia lenzake mpaka ukitaka kuona mshono unainama. Mama aliketi kwenye jamvi akinikatia vipande vya nailoni vya kufungia. Miche ilishika. Nalisema sasa ili msiniulize baadaye. Machipukizi yalitoka karibu kwenye yote, na msimu huu tumeipanda mlimani juu ya nyumba, mbali na barabara ya mtu yeyote.

Wengi wameniuliza nimejifunza nini kwenye safari hii, kana kwamba nilikwenda semina. Nimejifunza kwamba chuma cha makali si chuma cha springi. Nimejifunza kwamba huko chini kuna mwanamke anayejivuna kunishinda, na ana haki. Na nimejifunza kwamba tumekuwa tukijivunia kitu tulichokuwa tunakisikia kwa watu. Hilo la mwisho nililirekebisha siku ileile ya Jumatatu.

Katapila lilifika asubuhi. Mama hakutoka kutazama. Nilimkuta ua wa nyuma, amekaa na mikono mapajani, akisikiliza. Mimi nilikuwa na kikombe. Nilikuwa nimekaanga punje za mti ule zilizobaki ndani ya nyumba, namna tulivyofanya ziwani, safari hii bila kikaango cha samaki.

"Nini hiki?" akauliza.

"Kunywa, mama."

Akanusa. Kule barabarani mashine ikanguruma kwa nguvu, kisha tukasikia mti unalia na kulala. Mama alifumba macho mpaka kelele zikapungua, ndipo akakileta kikombe mdomoni. Akanywa kidogo. Akanywa tena.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Miaka yote ile niliyokuwa nabeba kichwani kupeleka chamani, ilikuwa hii?"

"Ilikuwa hii."

Akatazama upande wa miche yangu pale kivulini, muda mrefu, uso wake mgumu kama wa mtu anayekaguliwa. Kisha akakimaliza kikombe, akaninyooshea.

"Niongeze," akasema. "Na hao wa katapila, wapelekee nao waonje walichokiangusha."